Mlango 5555: maelekezo mazuri yaliyokatwa mkia

Ukimuuliza kijana anayejua simu pale Tegeta Kibaoni namna ya kuunganisha simu iliyorutiwa na kompyuta bila waya, usishangae akikutumia mistari hii kwenye WhatsApp:

su
setprop service.adb.tcp.port 5555
stop adbd
start adbd

Halafu kwenye kompyuta unaandika adb connect na anwani ya simu, kazi imeisha. Leo tuyapime maelekezo haya kama tunavyopima kitabu: yanasema nini, na yananyamazia nini.

Tuanze na sifa, maana yanazo. ADB ni daraja kati ya kompyuta na simu ya Android. Msanidi hulitumia kujaribu programu yake, fundi hulitumia kuokoa picha au kuondoa programu sumbufu. Kwa kawaida daraja hilo hupita kwenye waya wa USB. Sasa tundu la kuchajia likijaa vumbi au likilegea, waya haushiki. Simu iliyorutiwa, yaani ambayo mwenyewe amejipa mamlaka yote ya mfumo, inakuwezesha kuandika amri hizo kwenye simu yenyewe, bila kugusa waya. Ni ufupi wenye akili, hilo tusilibishe.

Kasheshe ni mkia uliokatwa. Amri ile inaiambia simu isikilize kwenye mlango namba 5555 wa mtandao. Isikilize nani? Yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Fikiria nyumba ya wapangaji sita wanaochangia Wi-Fi moja, au ofisi ya fundi yenye nywila iliyobandikwa ukutani. Huo ndio mtandao wetu halisi, na maelekezo hayautaji hata kwa neno moja.

Utaniambia, "Lakini simu si inauliza kwanza?" Kweli. Tangu Android 4.2.2, mwaka 2013, kompyuta ngeni huomba ruhusa, na simu huonyesha kidirisha. Ila baadhi ya mifumo ya kubandika, ambayo watu wa kuruti huipenda, huja na ulinzi huo umezimwa. Na hata ukiwepo, mazungumzo ya njia hii ya zamani hayasimbwi: aliye katikati ya mtandao anaweza kuyasoma. Ukiongeza kwamba simu imerutiwa, anayeingia anaweza kufika hadi kwenye chumba cha ndani kabisa. Na simu hiyo ndiyo yenye laini unayopokelea ujumbe wa benki na pesa ya mtandao.

Si hofu ya kufikirika. Februari 2018 watafiti wa Netlab ya Qihoo 360 waliripoti kirusi ADB.Miner, kilichozunguka chenyewe kikitafuta vifaa vya Android vyenye mlango 5555 ulio wazi, simu na visanduku vya televisheni, nyingi zikiwa China na Korea Kusini. Kilivitumia kuchimba sarafu ya Monero. Hakikuhitaji kuvunja kitu, kilikuta mlango uko wazi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: maelekezo hayakuulizi una Android ya ngapi. Kuanzia Android 11, ya mwaka 2020, simu inakuja na utatuzi usiotumia waya ndani ya chaguo za wasanidi. Unagusa nambari ya muundo mara saba, unawasha, kisha unaoanisha kwa msimbo wa tarakimu sita. Mazungumzo husimbwa, namba ya mlango hubadilika, na ukiachana na ile Wi-Fi, hujizima. Huhitaji kuruti! Yaani kuna mtu anafungua kufuli la kiwandani, kitendo ambacho kwa kawaida hufuta kila kitu kwenye simu, halafu programu ya benki inagoma kufunguka, kwa sababu ya kitu ambacho simu ilikuwa nacho tayari.

Kwa simu za zamani mbinu ya mistari ile bado ina kazi yake, lakini iandikwe yote. Tumia hotspoti yako mwenyewe, si Wi-Fi ya wengi. Ukimaliza, rudia amri zilezile ukiweka -1 mahali pa 5555. Ogopa sana toleo linaloanza na persist: hilo hubaki hata simu ikizimwa na kuwashwa. Kuwasha upya huifuta ile ya kwanza tu.

Na kama simu yako imetoka kwa fundi, ingia kwenye chaguo za wasanidi, futa ruhusa zote za kompyuta zilizowahi kukubaliwa, kisha zima utatuzi. Ni dakika moja. Fundi mzuri angekufanyia mwenyewe kabla ya kukukabidhi, na maelekezo mazuri yangemkumbusha.