Kisiwa Kilichozama Mchana

Katika Guta saga, masimulizi ya kisiwa cha Gotland katika nchi ya Uswidi, yaliyoandikwa karne ya 13, imo habari fupi. Kisiwa kile zamani kilizama mchana, kikaibuka usiku, hata mtu mmoja, Thieluar, alipoleta moto; tangu hapo hakikuzama tena.

Baadhi ya wenzetu huidharau habari hii kuwa ni upagani mtupu. Sisi twaona si haki. Watu wa Mang'ula twaijua nchi izamayo: wakati wa masika mto Kilombero hufurika, bonde likawa kama ziwa, vikasalia vipande vya nchi kavu. Alindaye mpunga huwasha moto karibu na dungu lake, nasi tuonapo moshi kwa mbali twasema, Pale pana mtu. Pasipo moshi, twaona maji tu. Basi moto wa Thieluar, kwa fikira zetu, ni meko ya nyumba.

Lakini msimulizi amepunguza. Asema waliotangulia kukaa kisiwani ni Hafthi, mwana wa Thieluar, na mkewe Huita Stierna. Wala hasemi ni nani aliyeuchochea moto ule usiku baada ya usiku. Twadhani ni yule mke.