Kumtambua Mpigaji Mzuri wa Kengele za Mkono

Waingereza wana sanaa ya kengele isiyo na wimbo. Tangu karne ya 17, enzi za Fabian Stedman aliyetoa kitabu *Campanalogia* mwaka 1677, wapigaji hubadilisha mfuatano wa kengele kila mzunguko kwa kanuni, bila kurudia hata mmoja mpaka warejee walipoanzia. Mnarani kila mtu huvuta kamba ya kengele moja. Kwa kengele za mkono, kila mtu hushika mbili, na ugumu wote umo humo.

Chukua kanuni iitwayo Plain Bob Minor: kengele sita, watu watatu. Usitegemee kusikia mahadhi. Sikiliza nafasi kati ya pigo na pigo. Kengele hupigwa kwa kuinuliwa, kisha kwa kushushwa, na baada ya kila mifuatano miwili wengi huacha pumzi fupi. Pumzi hiyo ikirefuka mara hii na kufupika mara ile, kikundi hakijaiva, hata kama hakuna aliyepotea njia. Kwangu mdundo hutangulia usahihi: anayepatia nafasi zote lakini akapiga kwa kuyumba bado hajapiga vizuri.

Kisha chagua jozi moja uifuate. Mwenye kengele namba 5 na 6 ana nafuu, kwa kuwa kengele zake hufuatana: kwa kawaida kati yazo huwa kengele moja ya mwenzake, na hukutana zinapofika mbele au nyuma. Mwenye 3 na 4 ndiye wa kupimwa. Katika mifuatano 12 ya mwanzo kengele zake huanza zikiwa jirani, huachana mpaka moja iko mbele kabisa na nyingine nyuma kabisa, ndipo zirudiane. Aliyekariri njia mbili kama vitu viwili hujulikana hapo: mkono mmoja huchelewa kidogo kila umbali unapobadilika. Aliyeiva huona jozi kama umbo moja, na mikono yake haisubiriani.

Kengele ya kwanza, yenye sauti nyembamba kuliko zote, inaporudi kuongoza, tega sikio zaidi. Iliyo ya pili hubaki palepale, na zilizo nyuma yake hubadilishana mahali mbili mbili. Makosa mengi ya wanafunzi hutokea hapo. Kosa lenyewe halinisumbui sana. Natazama kama wenzake wanashikilia mdundo mpaka aliyepotea ajipate.

Mwaka 2007 wapigaji watatu Uingereza walipiga mifuatano 72,000 kwa zaidi ya saa 24. Mwanafunzi asipimwe kwa urefu huo. Mifuatano 60 ya Plain Bob Minor haimalizi hata dakika mbili. Ikitoka sawasawa akiwa na 5 na 6, mpe 3 na 4, usikilize upya.