Thimlich Ohinga Si "Zimbabwe Ndogo"

Taja "ngome ya kale" hapa Maseno uone: wengi watakuambia Fort Jesus. Hiyo iko Mombasa, Wareno walianza kuijenga 1593, na ndiyo tuliyosomeshwa. Sawa. Lakini sisi wa kando ya ziwa tuna ohinga yetu, yaani ngome, huko Migori, na jinsi tunavyoisifu inanikera.

Kwanza, eti ni "Zimbabwe ndogo". Kweli, kote mawe yamepangwa bila saruji wala udongo. Ila Great Zimbabwe ulikuwa mji wa watawala. Thimlich Ohinga ni maboma ya wafugaji: watu, ng'ombe, moto wa jioni. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, unene kama mita moja. Fundi alipanga mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, katikati akakaza kwa vipande vidogo. Na milango ni mifupi mpaka uiname. Adui akiingia, kinachotangulia ni kisogo chake! Hapo ndipo mimi hushangaa, si kwa kufananishwa na jirani mkubwa.

Halafu kuna lile swali: nani alijenga? Wajaluo ama Wabantu? Lianzishe kwa matatu ya Kisumu, kabla mfike stendi limeshakuwa siasa. Watafiti wanazirudisha kuta hizi karne ya 16 hivi, na wanasema jamii za Kibantu na za Kiniloti zilikaa humo kwa kupokezana. Majina ya maboma, kama Kochieng' na Kakuku, ni ya Kijaluo, lakini jina hubaki na wa mwisho kuhama, si lazima aliyeweka jiwe la kwanza. Tena ukuta usio na saruji hubomoka. Mti ukiota, ng'ombe akijikuna, mawe yanashuka. Waliohamia waliyarudisha. Sasa huyo aliyerudisha jiwe si mjenzi?

Watu husahau hili kwa sababu tangu UNESCO iiweke kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, tunaandika kana kwamba ilishuka peke yake kutoka mbinguni. Eneo hili lina sehemu 138 za aina hiyo, zenye majengo ya mawe 521. Thimlich ni moja tu, ile kubwa iliyohifadhika vizuri. Makala za Thimlich nimesoma nikachoka. Nangoja mtu aniandikie hizo 137.