Ufundi wa kufufua mitumbwi Vitshumbi

Mtumbwi wa mbao ndio chombo cha kazi Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa kuvua ina kikomo, na kukata miti hifadhini ni marufuku, kwa hiyo ubao hutoka mbali na ni ghali. Ndiyo maana fundi anayekirudisha majini chombo kilichochakaa anastahili heshima kubwa.

Kazi huanza kwa kukipindua chombo nchi kavu na kukiacha kikauke. Fundi hukwangua lami ya zamani, kisha huchoma kila ubao kwa ncha ya kisu; inapozama kwa urahisi, pameoza. Hutazama zaidi pembeni mwa misumari, kwani kutu hudhoofisha mbao inazozigusa. Hapa ndipo ubingwa unapoonekana. Asiyejua hung'oa mno, na gharama hupanda. Bingwa hukata sehemu mbovu tu, huziba kwa kipande kizima cha chombo kilichokufa, na hunyoosha misumari ya zamani ambayo bado ina nguvu.

Viungo hukalafatiwa kwa pamba au matambara, kisha hupakwa lami iliyoyeyushwa. Kwenye ziwa lenye viboko na upepo wa ghafla, kiungo kilichokazwa vizuri huokoa maisha. Mtumbwi ukishushwa huvuja kidogo kwanza. Mbao zikinywa maji huvimba na kubanana. Baada ya hapo hupakiwa makasia na nyavu.