Ufundi wa Kupanda Plateau de Beille

Barabara ya kupanda Plateau de Beille huanzia Les Cabannes, kijiji kilicho katika bonde la mto Ariège, kwenye milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa. Ni kilomita 15.8 hadi juu, kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 7.9. Karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mlima unafunguka kuwa uwanda mpana. Miaka fulani, mwezi wa Julai, hatua ya mbio za baiskeli za Tour de France humalizikia hapo. Theluji ikianguka, uwanda huwa wa watu wa skii za Kinordiki, wale wanaosafiri kwa nguvu zao wenyewe, kupanda na kushuka.

Asilimia 7.9 inavumilika. Kinachochosha ni kwamba kwa sehemu kubwa ya njia hupati pa kuvutia pumzi. Mpandaji stadi utamjua kwa mabega yake: yametulia, viwiko vimelegea, miguu inazunguka kwa mwendo uleule kona baada ya kona. Gia anaibadilisha kabla barabara haijakaza. Akiinuka kwenye kiti ana sababu, kisha hurudi kukaa. Nguvu anazozitapanya chini ni deni, na mlima huu hudai kabla hujafika juu.

Kwenye Tour ya mwaka 2015 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah, alipanda hapa akiwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio. Ushindi wa siku ulikwenda kwa Joaquim Rodríguez. Nyuma yake, kwenye kundi la wanaowania taji, wapinzani walichomoka mmoja baada ya mwingine. Froome hakukurupuka. Wote walifikiwa tena, na jezi ikabaki mgongoni mwake. Wako waliouona upandaji wake kuwa hauna mvuto. Kwangu mimi ule ndio ustadi wenyewe. Tarehe 14 Julai 2024, Tour iliporudi kwenye mlima huuhuu, Jonas Vingegaard alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 10. Tadej Pogačar alimkalia nyuma kwa subira, akaondoka peke yake zilipobaki kama 5. Ushindi wa Lance Armstrong hapa, wa 2002 na 2004, ulifutwa kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku, nami siuweki kwenye hesabu hii.

Wa skii nao wana hesabu yao, tena nyembamba zaidi. Skii ya mtindo wa klasiki imepinda, katikati imeinuka. Ukisimama na kugawa uzito kwa miguu yote miwili, sehemu ile haikandamizi theluji. Ukiuhamishia uzito wote mguu mmoja na kusukuma chini, inagusa, na nta ya kushikia iliyopakwa hapo inaing'ang'ania theluji kwa muda mfupi sana. Muda huo ndio wa kujisukuma mbele. Baada yake skii inaachia, na mwili mzima unateleza juu ya mguu mwingine. Ukikandamiza kwa kuchelewa, skii inakuponyoka kwenda nyuma.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kutoka nje. Baridi ikiwa kali, nta ngumu. Theluji ikipata unyevu, nta laini zaidi. Ukipaka yenye kunata kupita kiasi, utapanda vizuri lakini kwenye tambarare theluji itaganda chini ya skii.

Mwinuko ukizidi, nta haitoshi tena. Hapo mtelezaji hufungua ncha za skii kwa umbo la V na kupanda kwa kingo za ndani, hatua kwa hatua. Njia hiyo humfikisha juu, ila hakuna kuteleza, kila hatua inalipiwa kamili. Mgeni huikimbilia mteremko unapoanza tu kuinuka. Stadi hufupisha hatua, huongeza uzito juu ya mguu unaosukuma, na kuendelea kuteleza, hata kama ni kiganja kimoja tu kila mara, mpaka skii zikatae kabisa.