Kupima Ubora wa Winchi ya Kusukuma

Winchi ya kusukuma, yaani fremu ya chuma yenye boriti moja iliyolazwa juu ya miguu miwili yenye umbo la A na magurudumu manne chini yake, huundwa na mafundi wa karakana kwa ajili ya kuinua injini, giaboksi na mashine nzito, na wanunuzi wengi huisifu kwa unene wa chuma chake. Kigezo hicho kinapotosha, kwa kuwa uimara wa winchi hutegemea njia nzima ambayo uzito hupitia kutoka kwenye kulabu hadi sakafuni, na chuma kinene hakisaidii kitu ikiwa ungio moja katika njia hiyo ni bovu.

Boriti yenye umbo la I huhimili mzigo vizuri ikisimamishwa kwa kimo chake, lakini urefu wake kati ya miguu una athari kubwa kuliko inavyodhaniwa: ukiongezwa mara mbili chini ya mzigo uleule, boriti hupinda mara 8 zaidi. Ili kuipima, uzi huvutwa kutoka ncha hadi ncha, mzigo ukaning'inizwa katikati kwa cheni bloku, kisha nafasi iliyojitokeza hupimwa kwa rula. Kwa boriti ya mita 3, kushuka kusikozidi milimita 6 hivi kunakubalika.

Maungio ndiyo yanayomtambulisha fundi. Mchomeo mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana kwa usawa, kingo zake zimeyeyukia vyuma vyote viwili bila kuchimba mfereji pembeni, wala hauna vitundu. Mchomeo uliosagwa kwa grainda, ukasiribwa puti na kupakwa rangi nzito, unastahili kutiliwa shaka, kwani fundi anayejiamini hana sababu ya kuuficha. Penye bolti, kichwa chake kitazamwe kama kina alama ya 8.8, inayoonyesha daraja la nguvu, na penye kona kati ya mguu na boriti pawe na vyuma vya mshazari. Bila hivyo, fremu iliyotulia ikiwa imesimama huanza kuyumba mara inaposukumwa.

Magurudumu hudharauliwa mno. Si sahihi kugawa uzito kwa 4, kwa maana mzigo unaposogezwa karibu na mguu mmoja, magurudumu mawili ya upande huo hubeba karibu uzito wote. Yale madogo, hata yakiwa imara, hunasa kwenye nyufa za sakafu na kuisimamisha fremu ghafla huku mzigo ukiendelea kubembea.

Winchi isiyoandikwa kwenye boriti uzito wa juu inaoruhusiwa kuinua, au ambayo mwundaji wake anakataa kuijaribu kwa asilimia 125 ya uzito huo, mzigo ukiwa umeinuliwa kidogo tu kutoka sakafuni, isinunuliwe.