Gary England: Rada, Barabara na Dakika

Mwaka 1981 kituo cha televisheni cha KWTV, Oklahoma City, kilinunua rada ya Doppler, wakati Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ikiwa bado haijaeneza rada za aina hiyo kwenye ofisi zake. Aliyeipigania ni mtabiri mkuu wa kituo, Gary England, mzaliwa wa mji mdogo wa Seiling. Alikuwa na miaka saba tonado ilipoupiga mji jirani wa Woodward mwaka 1947 na kuua watu zaidi ya 100, bila onyo lolote. Baada ya kutumikia jeshi la majini na kusoma Chuo Kikuu cha Oklahoma, aliingia KWTV mwaka 1972 na kukaa hapo hadi 2013.

Rada ya kawaida hutuma mawimbi, yanagonga matone ya mvua na kurudi. Inakwambia mvua iko wapi na nzito kiasi gani, basi. Doppler inapima pia jinsi masafa ya mawimbi hayo yalivyobadilika, na hapo unajua matone yanaijia rada au yanaikimbia. Kwenye kioo, yanayokuja hupakwa kijani, yanayokwenda nyekundu. Rangi hizo mbili zikibanana ubavu kwa ubavu, upepo unazunguka. Mzunguko huo huanzia juu, ndani ya wingu, mara nyingi dakika kadhaa kabla haujagusa ardhi. Dakika hizo ndizo England alizokuwa akizinunua.

Lakini mnunuzi wa rada si lazima awe mtabiri mzuri, na hapa ndipo sifa nyingi anazopewa zinapokosea shabaha. Mwali wa rada huenda karibu moja kwa moja huku ardhi ikijipinda chini yake, kwa hiyo mbali na mtambo hauoni kinachotokea chini. England aliliziba pengo hilo kwa watu: wafuatiliaji wa dhoruba waliokaa barabarani na simu, na rubani wa helikopta mwenye kamera. Kisha akatafsiri vyote kwa lugha ya mkazi. Hakuishia kutaja wilaya, maana wilaya moja ya Oklahoma ni pana na sehemu kubwa yake haitaguswa. Alitaja barabara, makutano, na saa ambayo dhoruba ingefika hapo. Miaka ya 1990 ramani ndogo ya tahadhari ikaanza kukaa pembeni mwa kioo huku kipindi kikiendelea, mtindo ambao vituo vingine viliuiga.

Mtihani mkubwa ulikuja jioni ya 3 Mei 1999. Tonado ya daraja la F5, la juu kabisa, ilitembea takriban kilomita 60, ikapita Bridge Creek na Moore. Rada ya kubebwa kwenye lori ilipima upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa. England aliwaambia watazamaji wazi kwamba hii haikimbiliwi bafuni: shuka chini ya ardhi. Walikufa 36, idadi ya kuhuzunisha, ila kwa dhoruba iliyopita katikati ya maelfu ya nyumba ni ndogo mno.

Agizo la kushuka chini ya ardhi lina kasoro yake, nami siipuuzi. Nyumba nyingi za Oklahoma hazina chumba cha chini. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba juu ya ardhi ni kifo, na hana pa kushukia, atafanya nini? Atawasha gari. Ndivyo ilivyokuwa 31 Mei 2013, tonado ya El Reno ilipokuja: barabara kuu zikajaa magari yaliyosimama, wazi kabisa mbele ya dhoruba.

Siku 11 kabla yake, Moore ilikuwa imepigwa tena. Onyo rasmi lilitoka dakika 16 kabla tonado haijatokea, na televisheni zilikuwa hewani. Walikufa 24, saba kati yao wanafunzi wa shule ya msingi ya Plaza Towers, ambayo haikuwa na chumba cha kujikingia. England aliacha utabiri wa kila siku mwaka huohuo. Mwaka 2014 halmashauri ya Moore ilipitisha kanuni mpya za ujenzi: nyumba mpya zistahimili upepo wa kilomita 217 kwa saa.